Kukunja Mwavuli

Gari lilianza likiwa tangi.
Tangi la mafuta la ndege ya vita, dola nane,
kwenye uwanja wa mabaki, mwaka arobaini na sita.
Baba yangu, Delmar Tolliver, alilipasua tumbo,
akalitia injini ya Ford ya silinda nane,
akaketi ndani kama kokwa ndani ya tende,
akalipeleka Mojave, kwenye ziwa lisilo na maji,
ambako vijana waliorudi wazima kutoka vitani
walikuwa wakitafuta kitu kingine cha kuwaua.

Sikuwepo. Haya nimesimuliwa na Ruben Escamilla,
ambaye uongo wake wote huumalizia kwa samaki.

Nilipozaliwa, vumbi lilikwisha achwa.
Walikuwa wamepata uwanja wa ndege uliotelekezwa:
lami, nyufa, mbigili.
Wakapima robo maili kwa mnyororo wa mpima ardhi,
wakasema hapa mwanzo, pale mwisho,
katikati hakuna kona wala udhuru.
Mtu mmoja na bendera yake
akiruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.
(Baadaye alistaafishwa na mlingoti wa taa.
Taa haina magoti ya kugongwa.)

Kila mwaka gari lilivua kitu.
Milango. Madigadi. Paa. Kiti cha abiria;
mama akasema, Haya, nimeelewa.
Likabaki mifupa: mabomba mawili marefu,
magurudumu ya mbele membamba kama ya baiskeli,
injini katikati, na baba nyuma kabisa,
nyuma hata ya ekseli,
jiwe ndani ya kombeo.

Kisha petroli ikawaonekania maji.
Wakaleta nitro. Jirani wote tulilia bila msiba.
Usiku ndimi za moto zilisimama juu ya mabomba,
na breki, ambazo hakuna aliyezifikiria,
zikawa kama kumshika fahali kwa uzi.
Mama akatoa cherehani.
Hariri ya jeshi, mshono mara tatu.
Nami, miaka tisa, mwenye vidole vyembamba,
nikapewa kazi ya kuukunja mwavuli.
Kunja tatu. Geuza. Laza kamba, zisigusane.
Hakuna aliyeniambia nakunja nini hasa.
Nilijua.

Machi ya sitini na tisa klachi ilipasuka.
Chuma kilitoka kama nyuki waliochokozwa,
gari likakatika pale pale
ilipokuwa miguu ya baba.

Mwavuli ulifunguka.

Vidole vinne vya mguu vilibaki Bakersfield.
Hospitalini, ulimi mzito kwa dawa, aliomba penseli,
akachora gari lile lile
ila injini akaihamishia nyuma ya mgongo wake.
"Miaka yote hii, Ruben," alisema,
"tumekaa upande mbaya wa moto."
Nasikia wengine, kwingine, walikuwa wakichora hivyo hivyo.
Maumivu yana shule nyingi, mwalimu mmoja.
Baada ya misimu michache hakuna aliyeketi tena nyuma ya injini,
na letu tukalining'iniza darini ghalani.
Kuku walitaga kwenye kiti.

Oktoba hii tumelishusha.
Ruben amelipaka upya rangi ya zambarau
kwa mkono unaotetemeka, na mistari imenyooka,
usiniulize vipi.
Hakuna mashindano. Pikapu inalisukuma,
linakohoa, linakohoa, linashika,
kisha linasimama mahali pamoja likinguruma
dakika nne, mpaka mafuta yaishe.
Ni hayo tu. Watu elfu mbili wameziba masikio
wakicheka, macho yakiwatiririka,
na mimi nimenuka utoto wangu mzima.

Kijana mmoja aliniona mapema, nimepiga magoti kwenye lami.
"Bibi, kwa nini unaukunja
na gari lenyewe haliendi kokote?"

Nikamwambia, Shika kamba hii.
Hapana, hivi.
Zisigusane.